Mtiki Unapita Juu, Mtumbwi Unavuja Chini

Mtumbwi umepinduliwa mchangani, tumbo juu, chini ya daraja la Mto Kilombero upande wa Ifakara. Ufa umeanzia kwenye tako na kupanda kiasi cha urefu wa mkono. Mwenye mtumbwi amekata bati la debe, amelipaka lami upande mmoja, na sasa analipigilia kwa vimisumari vifupi, kimoja kila baada ya upana wa kidole. Juu ya daraja lori linapita kutoka upande wa Ulanga. Limebeba mbao za mtiki zilizofungwa mafungu mafungu, ncha zake zimepakwa rangi zisipasuke njiani.

Kivukoni hakuna anayeinua kichwa kuangalia. Ni mambo ya kila siku.

Lakini swali moja limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa, na kila nilipolisukuma pembeni lilirudi. Mtiki ndio mti ambao mabaharia wa Bahari ya Hindi waliutafuta kwa karne nyingi. Majahazi ya Oman na Ghuba yaliundwa kwa msaji wa Malabar, na msaji ndio huohuo mtiki. Hapa bondeni tunao kwa maelfu ya hekta. Kwa nini basi chombo kinachoelea chini ya daraja ni gogo la porini lenye kiraka cha bati?

Nilidhani jibu litakuwa fupi. Halikuwa.

## Nusu dakika

Daraja lina urefu wa mita 384 na lilizinduliwa mwaka 2018, likachukua nafasi ya kivuko. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, linavuka katika nusu dakika. Hakuna mwenye akili timamu anayelia kivuko kirudi, hasa baada ya kile kilichopinduka mwaka 2016. Mgonjwa wa Lupiro au Mahenge anafika hospitali Ifakara bila kusubiri maji yatulie.

Ila foleni ya kivuko ilikuwa na kazi yake ambayo haikuandikwa popote. Watu walisubiri saa nzima, na wakisubiri walikula perege wa kukaanga, walitazama viboko, walijua mto umepanda kiasi gani wiki hiyo. Mtu wa Mahenge na mtu wa Ifakara walikaa kwenye benchi moja. Leo unaweza kuishi Ifakara mwaka mzima, kilomita chache tu kutoka mto mkubwa kiasi hiki, usiuone isipokuwa kwa dirisha la basi.

Wanaokwenda mtoni kwa raha, siyo kwa kazi, ni wachache: vijana wa Jumapili, wageni wanaotaka kuona viboko, na wapenda ndege wanaomfuata kwera wa Kilombero, ndege aliyetambuliwa kisayansi mwaka 1990 na asiyepatikana nje ya bonde hili. Wote hupakiwa kwenye mitumbwi ya uvuvi. Wanakaa chini kwenye maji machafu ya ndani, magoti yamegusa kidevu, na kila anayejinyoosha anakiyumbisha chombo.

Hapo ndipo suala la mbao linapogeuka kuwa suala la mji.

## Gogo moja, mtumbwi mmoja

Tuanze na mtumbwi wenyewe, kwa sababu wengi huuzungumzia kana kwamba ni kitu cha zamani kinachosubiri kufutwa. Sikubaliani nao.

Mtumbwi wa kuchonga wenye urefu wa mita sita unahitaji shina la kipenyo cha sentimita 75 au zaidi, lililonyooka, lisilo na tundu la mchwa moyoni. Mvule ndio bora. Mkangazi unafuata. Mkuyu na mwembe huchongwa pia, ila haidumu. Fundi hukata mti, huuchonga sura ya nje kwanza kwa shoka palepale ulipoangukia, kisha huugeuza na kuutoboa ndani kwa tezo. Pembeni huacha unene wa sentimita tatu hadi nne, chini huacha tano au sita. Fundi asiyejiamini hutoboa vitundu vidogo kutoka nje na kuvichomeka vijiti vyenye urefu sawa na unene anaoutaka. Tezo ikifika kwenye ncha ya kijiti, anaacha. Baadaye vijiti vinavimba na kuziba vyenyewe.

Kinachoua mtumbwi mpya ni haraka. Mti mbichi hukauka nje kabla ya ndani, na ncha hukauka kabla ya katikati, ndiyo maana nyufa nyingi huanzia kwenye tako au kwenye pua. Ukishachongwa lazima ukae kivulini, umefunikwa majani, ncha zake zimepakwa matope au mafuta, kwa wiki kadhaa. Mwenye njaa ya samaki hasubiri. Anaushusha mtoni, anauvuta juani jioni, anaushusha tena. Msimu wa pili anatafuta bati.

Piga hesabu ya mti. Shina la sentimita 75 kwa mita sita ni mita za ujazo 2.65 hivi. Mtumbwi uliokamilika una mita za ujazo 0.3. Maana yake ni kwamba sehemu nane katika tisa za mti zinabaki porini kama vibanzi.

Na mti wenyewe una umri wa babu.

Leo kukata mvule kunahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, na miti ya ukubwa huo iliyobaki karibu na maji ni michache. Mitumbwi mipya ni myembamba kuliko ya zamani, ina mafundo mengi zaidi, na inachakaa mapema. Hakuna siri katika hilo. Shina likiwa jembamba, mtumbwi hauna budi kuwa mwembamba, na mtumbwi mwembamba ndio unaopinduka.

## Mitiki tuliyo nayo

Wajerumani walipanda mitiki ya kwanza ya Tanganyika mwaka 1898 huko Mhoro, Rufiji, yaani upande wa chini wa maji haya haya: Kilombero hukutana na Luwegu, na hapo ndipo Rufiji inapoanzia. Bondeni kwetu kilimo kikubwa cha mitiki kilikuja mwaka 1992 na kampuni ya Kilombero Valley Teak. Ilipanda karibu hekta 8,000 na kuacha zaidi ya hekta 20,000 za eneo lake kuwa msitu wa asili. Pembeni yake wako wakulima wenye ekari moja, mbili, tano.

Mtoto yeyote wa bondeni anaujua mti huu. Ukifikicha jani lake changa, viganja vinakuwa vyekundu kama umechinja.

Shamba la mitiki likipandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 linaanza na miche 1,111 kwa hekta. Mwisho wa safari, miaka 20 na kitu baadaye, inatakiwa ibaki miti mia mbili hivi. Hiyo mingine yote hutolewa njiani kwa kupunguzia: mara ya kwanza ikiwa na miaka mitano au sita, mara ya pili inapokaribia kumi na mbili, na pengine mara moja zaidi. Asiyepunguzia anapata msitu wa fimbo ndefu zinazogombania jua.

Na wakulima wadogo wengi hawapunguzii. Siyo ujinga. Mti wa sentimita 20 hauna mnunuzi wa maana, na kuukata ni gharama, basi mtu anauacha akisema utakua. Haukui, na unamzuia jirani yake asikue.

Nilipofika hapa kwenye fikra zangu niliona nimeshinda. Miti ya kupunguzwa ipo, haina soko, mtiki hauozi majini, wanamaji wa kale wameshathibitisha. Tengeneza boti za mbao kwa miti ya kupunguzwa. Basi.

Kisha nikachukua kalamu.

## Sentimita tano

Mtiki haulindwi na jina lake. Unalindwa na mafuta na kemikali zilizomo kwenye kiini, ile sehemu ya rangi ya dhahabu inayogeuka kahawia. Sehemu nyeupe ya nje haina ulinzi huo. Fangasi na wadudu huila kama mti mwingine wowote, na majini huoza katika misimu michache. Mti mdogo una weupe mwingi kwa kulinganisha: gome na weupe pamoja huchukua sentimita tatu na nusu hadi nne kila upande, mti uwe mdogo au mkubwa kidogo.

Chukua gogo la kipenyo cha sentimita 25 lenye urefu wa mita mbili na nusu. Ondoa weupe. Kiini kinachobaki kina sentimita 17 na nusu. Katikati kuna moyo, ule uzi laini wa mti, nao lazima uukwepe kwa sababu ubao wenye moyo hupasuka katikati ukikauka. Kinachopatikana ni mbao mbili za upana wa sentimita 13, na vipande vyembamba viwili vya sentimita saba. Ni hivyo tu.

Boti dogo la mita 4.2, nitakalolieleza punde, linahitaji mita za mraba sita na nusu za mbao. Kwa magogo ya namna hiyo ni magogo kumi. Nikipiga hesabu ya ujazo, kinachoingia kwenye boti ni sehemu moja katika saba ya gogo lote.

Karibu sawa na ubadhirifu wa mtumbwi wa mvule.

Hesabu hiyo ilinikatisha tamaa, na ningeachia hapo kama nisingeirudia kwa gogo la sentimita 30. Kiini sasa ni sentimita 22 na nusu. Kila upande wa moyo zinatoka mbao mbili, moja ya sentimita 20 na nyingine ya 16. Gogo moja linatoa mita za mraba 1.8, karibu mara tatu ya lile la kwanza.

Magogo kumi yamekuwa manne.

Hii ndiyo sehemu ambayo mazungumzo mengi ya mitiki yanairuka. Watu wanabishana kama mti wa kupunguzwa unafaa au haufai, ilhali jibu limelala ndani ya sentimita tano. Wa kupunguza kwa mara ya kwanza haufai kwa mbao za boti hata kidogo. Wa mara ya pili ni wa kubahatisha. Mti wa miaka 15 na kuendelea, kwenye udongo mzuri, unafaa kabisa. Anayeuza boti la miti michanga akaliita la mtiki anauza weupe.

Miti ya kwanza ina kazi nyingine. Upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, wa mita nne na unene wa kushikika vizuri mkononi, hutoka hapo. Utaoza mwakani, utakata mwingine.

## Boti lenyewe

Sikusudii jahazi. Nakusudia boti la tumbo bapa, mita 4.2 kwa urefu, mita moja upana wa juu katikati, sentimita 75 upana wa chini, pembeni kimo cha sentimita 40. Pua imechongoka, nyuma imekatwa wima. Umbo la tumbo bapa lina sababu mbili. Fundi wa vitanda na milango anaweza kuliunda bila kujifunza upya, na mbao zake za chini zinakaa kukingama, kutoka ubavu hadi ubavu, hivyo vipande vifupi vinatosha. Gogo la mita mbili na nusu linakupa vipande vitatu vya chini bila kuunga popote.

Mbao zipasuliwe unene wa sentimita 2.3 zikiwa mbichi ili zikikauka na kupigwa randa zibaki mbili. Zipangwe chini ya paa na vijiti vya sentimita mbili na nusu kati ya tabaka na tabaka, uzito juu, miezi miwili au mitatu ya kiangazi. Mtiki hukauka polepole lakini haukunjikikunjiki. Jiandae kunoa mara kwa mara: mti huu una chembechembe za mchanga ndani yake, na meno ya msumeno yaliyokata mninga wiki nzima yatachoka hapa kabla ya adhuhuri.

Pembeni kila ubavu una mbao mbili za sentimita 20, moja juu ya nyingine. Kwa kuwa urefu unazidi mita nne, lazima uunge. Kutanisha ncha mbili, weka ubao wa sentimita 25 kwa ndani uzikamate zote mbili, na hakikisha kiungo cha ubao wa juu hakiko juu ya kiungo cha ubao wa chini. Vikilingana, ubavu utavunjikia hapo siku ya kwanza mtu akirukia ndani kutoka ukingoni.

Mataruma, yaani mbavu za ndani za boti, manne yanatosha, moja kila sentimita 80 hivi. Yachonge kutoka kwenye vile vipande vyembamba vilivyobaki, ila yasiwe na weupe, kwa sababu ndiko maji hukaa. Pasua tundu dogo la kupitisha maji chini ya kila taruma. Boti lisilo na matundu hayo huoza kona kwa kona, na mwenyewe hulaumu mbao.

Misumari iwe ya kupakwa zinki, inchi mbili na nusu, kilo moja na nusu hadi mbili. Toboa kwanza. Kwa msumari wa milimita tatu tumia keekee au drili ya milimita mbili, na usikaribie ncha ya ubao chini ya sentimita mbili. Mtiki mkavu hupasuka kwa msumari uliolazimishwa, na ufa huo huuoni mpaka upo majini. Gundi siitegemei. Mafuta ya mti huikataa, hata ukifuta kwa tina kabla ya kupaka.

Mbao za chini ziachane milimita moja. Zikibanwa kabisa zikiwa kavu, zitavimba majini na kusukumana kuelekea pua na nyuma hadi misumari ilegee. Nafasi hiyo ndiyo unayoikalafati: pamba iliyosokotwa na kuloweshwa mafuta ya nazi, inagongwa kwa patasi butu, siyo kwa nguvu, mpaka iwe chini kidogo ya uso wa ubao. Mafundi wa pwani hupaka deheni juu yake, chokaa na shahamu, na sioni kwa nini mtoni isifae. Mwisho, pigilia vibao viwili virefu chini kwa nje. Hivyo ndivyo vitakavyosagwa na mchanga wakati wa kulivuta, na vikiisha unabadilisha hivyo tu.

Boti likikamilika lina uzito wa kilo mia na kumi hivi, wakati mtumbwi wa mvule nilioutaja ni kama mia mbili. Likiwa na watu wazima watatu litazama sentimita 14, pembeni zitabaki 26 juu ya maji. Mtu wa nne anaingia. Wa tano asubiri.

Kabla ya kulitumia, lizamishe mahali pa kina kifupi na uliache usiku mbili. Kisha lifue maji, liinue, uone linapotokwa jasho.

## Shaka ambazo hazijaisha

Kuna jambo mtumbwi unalifanya ambalo boti hili haliliwezi. Unapita katikati ya matete kama sindano, unavutwa juu ya tope bila kuogopa kiungo, na hauna kiungo cha kuachia. Mvuvi wa Kindamba anayeingia vijito vidogo usiku kutega kambale na kitoga hahitaji chombo chenye upana wa mita moja. Ukimletea hili boti atakuuliza litapita wapi, na atakuwa na haki.

Jua ni adui mwingine. Mtumbwi ukiachwa ukingoni mwezi mzima unapata ufa mmoja. Boti la mbao likiachwa hivyo hukauka kila kiungo, na siku ya safari linavuja kila mahali. Linataka kivuli au linataka maji. Mtu asiye na nidhamu hiyo anunue viraka vyake mapema.

Kisha viboko. Nimesikia watu wakisema boti pana ni salama zaidi kwa kiboko. Si kweli. Kiboko akiamua, mbao za sentimita mbili hazimzuii, na pengine gogo zima lingestahimili zaidi. Usalama uko kwenye kumwepuka. Piga ubavu wa chombo kwa kafi unapokaribia kona usiyoiona, ili waliozama waibuke ujue walipo. Pita upande wa maji mafupi, kwa maana yeye akishtuka hukimbilia kina, na ukiwa kati yake na kina umemfungia mlango. Usiwe mtoni alfajiri anaporudi kutoka malishoni, wala jioni anapotoka.

Kwa hiyo nimeacha kufikiri kwamba boti litachukua nafasi ya mtumbwi. Mtumbwi ubaki wa mvuvi, na mvule mchache uliopo umfikie yeye. Boti ni la wale wengine: familia, wanafunzi, mgeni mwenye darubini, mzee ambaye magoti yake hayakunjiki.

## Siku moja mtoni

Msimu ni kuanzia Julai hadi Oktoba. Mvua za masika zikiwa hazijaisha, bonde lote linakuwa ziwa la nyasi, mkondo hauonekani, na kiboko anaweza kuwa popote. Eneo hili limo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu tangu mwaka 2002, na sababu yake utaiona kwa macho mwezi wa nne, ila usiione ukiwa ndani ya boti.

Ondoka saa mbili asubuhi, viboko wakiwa wameshatulia. Anza kwa kupanda mto, siyo kushuka. Kupanda ni kazi, nguvu zikiisha mkondo unakurudisha Kivukoni wenyewe. Wanaoanza kwa kushuka hugundua saa nane mchana kwamba nyumbani ni mlimani. Karibu na ukingo tumia upondo, katikati tumia kafi. Mwendesha upondo asimame nyuma, na asiung'ang'anie ukinasa kwenye tope: auachie, arudi kuuchukua. Wengi walioangukia majini waliangushwa na upondo walioukatalia kuuachia.

Kila mtu avae boya, aliyezaliwa mtoni pia. Mikono ibaki ndani kwa ajili ya mamba. Usiogelee kwenye maji yaliyosimama; kichocho kiko huko. Ukitaka kuvua kwa ndoana, kata leseni halmashauri, na kama unamtaka yule samaki mwenye meno ya nje wa mfumo wa Rufiji, Hydrocynus tanzaniae, funga sentimita 25 za waya kabla ya ndoana. Mshipi mtupu anaukata. Mdomo wake ni mfupa mtupu, na ndoana isiyonolewa siku hiyo hiyo hutoka. Wakubwa zaidi wako juu huko kwenye Mnyera na Ruhudji, ambako hakuingiliki bila kibali na fedha nyingi.

Saa kumi alasiri uwe umeshageuza. Saa kumi na moja uwe nchi kavu. Baada ya hapo ni zamu ya viboko na mbu, na watu wa Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo mizizi yake ni maabara iliyoanzishwa miaka ya 1950, wanaweza kukueleza mbu wa hapa kuliko unavyotaka kujua.

## Oda ya kwanza

Mbao zipo, fundi yupo, mto upo. Kinachokosekana ni kidogo na kinaudhi.

Anayebeba abiria kwa malipo anahitaji chombo chake kikaguliwe na TASAC, wadhibiti wa usafiri wa majini. Anayesafirisha magogo, hata manne, hata kutoka shamba lake mwenyewe, anahitaji hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Bila hiyo hayapiti kizuizini. Hayo yanafanyika. Ni foleni na karatasi, na Mtanzania hatishwi na foleni.

Ugumu ni ukubwa wa biashara yenyewe. Kiwanda kinauza mbao zake nje ya nchi kwa makontena, na hakitasimamisha msumeno kwa ajili ya mita za mraba sita na nusu. Fundi wa vitanda mjini hawezi kununua magogo akayaacha yakauke miezi mitatu bila mteja, maana mtaji wake ni wa wiki. Mteja naye hatoi malipo ya mwanzo kwa kitu ambacho hajawahi kukiona kikielea. Kila mmoja anamsubiri mwenzake, na kila mmoja ana sababu.

Nimewafikiria wote watatu, na naona anayeweza kuanza ni wa nne: mkulima mwenye ekari moja ya mitiki ya miaka 15, ambayo ilitakiwa kupunguziwa zamani na haijapunguziwa. Magogo manne ya sentimita 30 kwake ni miti miwili, pengine mitatu. Anaikata mwezi wa sita mvua zikiisha, anaipasulia hapohapo, anazipanga mbao chini ya paa la banda. Mwezi wa tisa zimekauka, anazipeleka kwa fundi zikiwa mali yake, na fundi anatoa jasho lake tu. Kama boti halikupata mteja, mbao bado ni mbao za mtiki.